Kabla ya Kufungua Begi, Lala Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini niliamriwa nilale. Nilikuwa binti wa Butimba, Mwanza, nimevaa gauni jipya, nimejiandaa kufagia mpaka jasho linitoke. Mwenye gesti, mama mmoja wa Mabatini ambaye wote tulimwita Hajati, akanifungulia chumba, akaonyesha kitanda, akaniambia nivue viatu nilale chali. Nikadhani ananipima kama mimi ni mvivu. Nikalala shingo nimeikaza. Akaniuliza naona nini. Nikajibu naona dari. Akasema niangalie vizuri. Basi nikaona utando wa buibui juu ya mlango, nikaona taa inayompiga mtu machoni, nikasikia bomba la bafuni likidondosha maji, na mto ukaninukia mafuta ya nywele ya mgeni aliyeondoka asubuhi.

"Mgeni analipia kulala," Hajati akasema. "Wewe ukikagua umesimama, utaona nini?"

Nimefanya kazi ya vyumba vya wageni mpaka nikastaafu, na nimesimamiwa na watu wengi, wenye vyeti na wasio navyo, lakini kila msimamizi nilimpima kwa Hajati. Na ninyi mnaosafiri nawaambia hivyohivyo. Ukipewa chumba, usifungue begi. Lala kwanza, hata dakika chache. Sikiliza bomba, sikiliza jirani, angalia kama feni inazunguka au inapiga kelele tu. Ukilalamika begi likiwa limefungwa, mapokezi watakuhamisha bila maneno. Ukishatundika mashati na kutawanya ndala, hapo tena ni kubembelezana.

Kutoka kwa Hajati nilikwenda hoteli ya ufukweni, nikiwa mhudumu wa vyumba. Mkuu wa Usafi alikuwa mzee mkali aliyewahi kufanya kazi kwenye meli, na alitandika vitanda kama vile hoteli nayo ingeyumba. Ndiye aliyenifundisha pembe ya bahasha, yaani kukunja shuka kwenye kona ya godoro mpaka ikae kama bahasha iliyofungwa, mgeni ajigeuze atakavyo isichomoke. Ndiye aliyenifundisha pia kwamba vyumba ni vya aina mbili. Kuna chumba kinachotoka, ambacho mgeni anaondoka leo, hicho kinasafishwa mpaka chini ya godoro; na kuna chumba kinachokaa, ambacho mgeni bado yumo, hicho unasafisha bila kugusa vitu vyake. Kitabu kilichofunikwa kifudifudi kinabaki kifudifudi. Mwenzangu mmoja alifunga kitabu cha mgeni kwa wema wake, akapoteza ukurasa wa mtu, mzee akamsema wiki nzima.

Hapo ufukweni ndipo nilipowajua wadudu wa ziwani. Wanainuka juu ya maji kama moshi, hawaumi, lakini wakiona taa, wee! Mgeni anakwenda kula chakula cha jioni kaacha dirisha wazi na taa inawaka, akirudi kitanda kimekuwa cheusi. Sisi tulikuwa tunawazoa kwa kizoleo. Kwa hiyo mkija Mwanza mkalala karibu na ziwa, jua likianza kushuka fungeni dirisha kwanza, ndipo muwashe taa. Msianze na taa. Nimesema hivyo kwa wageni maisha yangu yote na nusu yao hawakunisikia.

Mwishowe nilipandishwa kuwa Msimamizi wa Vyumba katika hoteli kubwa iliyojengwa juu ya mawe, mahali ambapo ukifungua pazia unakutana na jabali kubwa kuliko nyumba. Jina lake silitaji. Ngazi zake zilikuwa nyingi, na wageni wengi walililia vyumba vya juu kwa ajili ya kuliona ziwa, halafu wakaanza kulalamikia magoti. Meneja alikuwa mtu wa Bukoba, mpole, mwenye kanuni moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Alikuwa akituambia, "Mgeni akishavua viatu, hahamishwi." Maana yake, mtu akishaingia chumbani akajihisi yuko kwake, usimsumbue, hata akija waziri.

Katika hoteli hiyo tulikuwa na mgeni wa mara kwa mara, Bwana Ernesto, fundi wa mitambo ya mgodini. Kila alipopata mapumziko alikuja Mwanza, akakaa chumba kilekile cha chini, karibu na bustani. Kwao ni Cusco, mji wa kale ulio juu kabisa milimani, huko Peru. Kiswahili alikiokota mgodini, kwa hiyo alijua kutukana kabla hajajua kusalimia, ikabidi nimrekebishe. Mawe yetu aliyapenda. Alisema kwao kuna kuta za kale ambazo mawe yake yamechongwa yakakutana bila saruji, wembe haupiti. Nami nikimaliza kutandika nilimuuliza habari za hoteli za kwao, maana mtu wa kazi hushindwa kujizuia.

Alinieleza mengi, nami nawapa, kwa sababu siku hizi vijana wetu wanafika kila mahali. Mji ule uko juu sana mpaka hewa ni nyepesi. Mgeni akifika anahema, kichwa kinamuuma, hata awe mcheza mpira. Hoteli nzuri ya huko humpokea kwa chai ya majani ya koka, ambayo kwao ni halali, ila usije ukaifunga kwenye begi kuleta nyumbani, utajitafutia balaa uwanja wa ndege. Siku ya kwanza usipange kwenda popote. Kula kidogo, pombe iache, kunywa maji. Omba chumba cha chini kwa sababu ngazi za kule zinakata pumzi kuliko zetu. Omba blanketi la ziada kabla giza halijaingia, baridi ya usiku kule si mchezo. Uliza maji ya moto yanatoka saa ngapi. Na kama hoteli iko mji wa zamani, tafuta begi la kubeba mgongoni, kwa kuwa vichochoro ni vya mawe na vyembamba, teksi inaweza kukushusha mbali na mlango.

"Mgeni akifika kwetu," alipenda kusema, "analala kwanza." Nikacheka. Nikamwambia basi hata Hajati wa Mabatini angeweza kufanya kazi Cusco.

Sasa niwaeleze jambo lililonifundisha kuliko mengine yote.

Alikuja kijana kutoka Kahama, Faustine, mfanyabiashara wa vipuri, mke wake Roza amelazwa hospitali ya rufaa akisubiri kufanyiwa upasuaji. Alikaa kwetu siku kadhaa. Siku moja kabla ya upasuaji, mama mzazi wa Roza akafika kwa meli kutoka Ukerewe, ana kikapu cha machungwa na miguu imevimba kwa safari. Roza alikuwa amesema hatakubali kuingia chumba cha upasuaji asubuhi bila kumwona mama yake. Na mji ulikuwa umejaa. Kulikuwa na mkutano mkubwa wa dini, hata gesti za Igoma hazikuwa na nafasi. Faustine, kwa moyo mzuri kabisa, akatoa vitu vyake chumbani, akasema mama apumzike pale, yeye atakaa kwenye benchi hospitalini.

Tukakisafisha kama chumba kinachotoka. Shuka mpya, foronya mpya, taulo mpya, godoro tukaligeuza. Katika kazi yetu chumba kikishafanywa hivyo hakina mwenyewe tena. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo tulivyoamini. Mama alipofika mlangoni akamuuliza mhudumu kama aliyekuwa analala humo ni yule kijana aliyemleta. Binti wa watu akajibu kwa fahari kwamba ni yeye, lakini wamebadilisha kila kitu. Mama akashukuru, akageuka, akarudi mapokezi, akakaa kwenye kochi kikapu mapajani. Akasema hapo panamtosha.

Faustine akabembeleza kupitia kwa kijana wa mapokezi, wapi. Mwisho akatoka nje akakaa kwenye ngazi, uso umemshuka. Nilimsikia akimwambia mlinzi kwamba mama mkwe amemkataa, kumbe hata siku zote alikuwa hamtaki. Mimi ndipo nikaenda kukaa karibu na yule mama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamuuliza habari za safari, nikangoja. Mtu wa aina ile huwezi kumuuliza moja kwa moja.

"Mwanangu," akasema taratibu, "yule ni mkwe wangu. Kitanda alichokilalia, na mimi nikilalie? Kesho nitamtazama Roza kwa macho gani?"

Jambo hilo nililijua tangu utotoni, na bado nilikuwa nimeliacha kule nyumbani siku niliyovaa sare. Huku kwetu kanda ya ziwa wengi tumekuzwa hivyo. Mkwe unamheshimu kwa kukaa naye mbali, chumbani kwake hukanyagi, na maneno ya kitanda hayapiti kati yenu. Kwa hiyo hata kumweleza kijana sababu asingeweza. Faustine naye alikuwa amelelewa mjini, haya hakuyajua. Watu wawili wanaopendana na kuheshimiana walikuwa wanaumizana, na katikati yao kulikuwa na shuka zangu safi.

Nikampa nafasi kwangu, akakataa kwa sababu ni mbali na hospitali na asubuhi angechelewa. Nikapiga simu kwa wenzangu wa hoteli nyingine, hakuna. Nikaenda kwa Meneja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Akasema hilo la mkwe analijua vizuri, hata kwao lipo, yeye mwenyewe asingelala pale. Lakini vyumba vyote vina watu, na watu wameshavua viatu. Halafu akasema, "Kamwombe yule wa chini. Mwombe kama wewe, si kama hoteli. Akikataa, usimwombe mara ya pili."

Bwana Ernesto nilimkuta yuko pekupeku, anasoma. Tangu niajiriwe sikuwahi kumwambia mgeni ahame. Nikamweleza yote: mama, mkwe, kitanda, upasuaji. Sijui alielewa kiasi gani cha habari ya ukwe. Alichouliza ni kama mama amechoka. Nikamwambia amechoka sana.

"Basi alale kwanza," akasema. "Maelezo kesho."

Akabeba mabuti yake mkononi akapanda ngazi mwenyewe mpaka kile chumba cha Faustine, hakungoja hata toroli. Tukakifanya kile chumba cha chini haraka kuliko siku yoyote. Nilipomwingiza mama, akasimama mlangoni akauliza nani alikuwa analala humo. Nikamwambia ni Mzungu mmoja, wala hamjuani. Akafikiri kidogo, akasema huyo hana neno. Akafungua kitambaa cha kichwa, akajilaza, na kabla sijafunga pazia alikuwa amesinzia.

Nikatoka kwenda kwa Faustine pale kwenye ngazi, nikamweleza. Alishika kichwa. Akaniuliza mbona mama hakumwambia.

"Hawezi kukuambia," nikamjibu. "Ndiyo maana tupo sisi. Hajakukataa, baba. Anakuheshimu mpaka anaumwa."

Yule kijana alilia, mtu mzima na ndevu zake. Asubuhi mama aliondoka na macho mazima, akamshika Roza mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na Roza akatoka salama. Tulipoingia chumbani tulikuta ameshatandika kitanda mwenyewe na amefagia, maana kuacha kitanda wazi kwa mtu mwingine ni aibu kwake. Juu ya meza alikuwa ameacha machungwa ya Ukerewe kwa ajili ya yule Mzungu asiyemjua. Bwana Ernesto aliyala yote pale bustanini, hakutugawia hata moja.

Tangu hapo Meneja aliagiza mapokezi wakipokea familia waulize kwa adabu kama kuna wakwe kati yao. Wageni wengine walicheka, wengine walishukuru mpaka wakashika mikono yetu. Siku hizi watu wanashika vyumba kwa simu, bonyeza hapa, bonyeza pale, na hakuna mahali pa kuandika habari ya mkwe. Kwa hiyo wewe unayemtafutia mzazi chumba, ukishabonyeza, piga simu uongee na mtu. Na wewe unayeanza kazi hii, usafi ujue, lakini ujue pia kwamba kuna vitu sabuni haivitoi.

Nimestaafu, na sina kinyongo na mtu. Magoti yanauma kwa zile ngazi, lakini nalala vizuri. Mwaka jana binti yangu Sekunda alijifungua Bukoba. Mume wake, Deus, ni mwalimu, wana vyumba viwili vya shule, na mimi ni mkwe, kulala pale ingekuwa vituko. Deus akanitumia ujumbe kwamba amenitafutia hoteli. Kwenye meli nzima nilikuwa nawaza jinsi ya kuuliza nani amelala kwenye chumba hicho bila kuonekana mama mwenye makuu. Nilianza kumwelewa vizuri zaidi yule mama wa kikapu.

Binti wa mapokezi aliniamkia, akaniuliza kama mimi ndiye mama Sekunda. Nikamwambia ndiye.

"Mkwe wako alikuja jana kulipia," akasema. "Nilimwambia apande akakione chumba, akakataa. Kasema nikuambie kabla hujauliza: hapa hajawahi kulala, na mlango huo hata kitasa chake hajakigusa."

Kumbe Sekunda alikuwa amemsimulia habari ya yule mama wa kikapu. Nikajifanya natafuta kitambulisho kwenye mkoba mpaka machozi yakakauka. Nikapanda. Begi nikaliweka chini bila kulifungua, nikavua viatu, nikalala chali. Juu ya mlango palikuwa na utando wa buibui, na bafuni bomba lilikuwa linadondosha maji. Nikaliacha lidondoshe.