Tangi la Mama Mkwe

Nilimpiga mama mkwe Jumapili mchana, mbele ya watu waliotoka kanisani moja kwa moja na Biblia zao kwapani. Glasi ilipasukia kwenye meno yake, bia ikamwagika kifuani pamoja na damu. Kabla hajafika chini, wajomba wa mke wangu walikuwa wameshanifikia.

Mimi ni fundi wa friji, wa Busia upande wa Kenya. Mama mkwe alikuwa amepika ajono kwake Tororo, Uganda, kwa miaka mingi, ile pombe ya nafaka ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, hadi akaamua kutengeneza bia ya chupa. Bia inapochachuka hutoa joto, na joto likizidi inaharibika. Kwa hiyo akaniita nimtengenezee mtambo wa kupoza. Niliitaka kazi ile kuliko kazi yoyote niliyowahi kupata. Katika boma lile nilikuwa bado "yule wa friji", na nilitaka waniite mwana.

Kazi yenyewe si uchawi. Unachanganya maji na glaikoli, kimiminika kizito kinachozuia maji yasigande. Kompresa inaupoza mchanganyiko, pampu inauzungusha ndani ya bomba la shaba lililojikunja kama utumbo ndani ya tangi la bia. Siri ni vipimo. Glaikoli ikizidi theluthi moja, mchanganyiko unakuwa uji, pampu inahema, umeme unaliwa na baridi haifiki. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye angeuendesha mtambo, aliamini kwamba ikiwa nyingi ndipo baridi inapokuwa nyingi. "Ongeza, bwana. Wewe nafanya uchoyo ya nini?" alisema, akainua mtungi. Nilimkaba ukutani mpaka akauachia. Tangu siku hiyo hakuniuliza kitu tena, na huo ulikuwa ujinga wangu wa kwanza.

Wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Bomba la shaba lilipungua urefu wa mkono mmoja. Fundi mwenye akili haungi bomba ndani ya bia. Anakwenda kununua jingine refu. Mimi niliunga, nikachomelea, na sikulijaza hewa kupima kama linavuja, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni akiuliza kila mara kama tumemaliza. Nikafunika tangi, nikasema tayari. Nikarudi Busia, nikamwachia shemeji agizo moja: glaikoli ikipungua, jaza.

Ikapungua kila siku. Alijaza mpaka mtungi niliomwachia ukaisha, na hakunipigia simu. Nani angempigia mtu aliyemkaba? Akaenda duka la spea, akanunua kulanti ya kijani ya kutia kwenye rejeta za magari, kwa kuwa mwenye duka alimwambia hiyo nayo ni glaikoli. Ni kweli. Lakini yangu ilikuwa ya mitambo ya chakula, na hiyo ya magari ni sumu, tamu kama soda, inaua figo.

Jumapili ya kuonja bia nilikuta watu wanacheka nyuma ya nyumba. Mbwa wa boma alikuwa akiyumba, anaanguka, anainuka. "Hata mbwa ya hapa nakuwa mteja!" mjomba mmoja alisema. Nilicheka pia. Kisha nikaona kijani kwenye pua ya mbwa, na mtungi wa kulanti kando ya pampu, na mchanganyiko umeshuka chini ya alama ya kujazia. Ukiacha kidimbwi kidogo alichokuwa amekilamba mbwa, sakafu ilikuwa kavu. Kilichopungua kilikuwa kimeingia kwenye bia.

Pale kwao mwenye pombe hunywa kwanza, ili wageni waone haina kitu. Nilipofika mbele ya nyumba, glasi ilikuwa tayari mdomoni mwa mama mkwe. Ningeweza kupiga kelele. Lakini mkono wangu huwahi kabla ya ulimi, na mara hiyo moja tu maishani namshukuru Mungu kwa hilo.

"Sumu!" nilisema baada ya kumpiga, na hapo nikajimaliza. Neno hilo halitamkwi kwenye pombe ya mtu. Walisikia kwamba namwita dada yao mchawi. Walinipiga mateke mpaka nikasikia mbavu zikivunjika, moja, halafu nyingine. Mbwa ndiye aliyeniokoa. Alijikokota mpaka katikati ya watu, akatapika kijani, akakakamaa miguu yote minne, akaanza kutetemeka. Wakaacha. Nikawaambia kuhusu mtungi.

Mama mkwe alitema jino. "Nani naleta hii dawa ya gari?"

Shemeji akainua mkono. Hakukana.

Wakamgeukia yeye. Mjomba alichukua mwiko mrefu wa kukorogea wimbi, akampiga nao mgongoni, kisha kichwani, mpaka damu ikamtoka sikioni. Mke wangu aliniegemeza ukutani, akanifuta uso kwa leso. Mama mkwe akaja, midomo imemvimba. "Wewe mwana yangu," alisema mbele ya wote. "Wewe naokoa mimi." Nilisikia raha. Nasema ukweli, kaka wa mke wangu akiwa chini anapigwa, mimi nilisikia raha.

"Uliza yeye!" shemeji alilia. "Kwa nini navuja? Paipu ndani ya tangi nafungwa na nani?"

Wote wakanitazama.

"Sijui," nikasema. "Mimi niliiacha nzima."

Mke wangu ndiye aliyenishikia tochi siku ile nilipokuwa nikichomelea. Mkono wake ulisimama shavuni mwangu. Aliiacha leso, akapita katikati ya wajomba zake, akamlalia kaka yake na kumfunika kichwa kwa mikono. Mwiko ulikuwa umeshainuliwa. Walimpiga yeye mara tatu kabla sijasema kwamba niliyeliunga lile bomba ni mimi.