Sampuli ya mume wangu niliyoizika kwenye barafu

Wakuu, habari za humu. Leo naleta la kwangu mwenyewe, si la "rafiki yangu mmoja". Ni kweli tupu, na wa kuaibika ni mimi peke yangu.

Ni mimi niliyeiweka ile sampuli kwenye barafu.

Nililificha hili miezi minane. Ningeulizwa hata mahakamani, ningekana.

Tunaishi Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini. Mimi ni mwandishi wa makala, nina digrii ambayo cheti chake kinaning'inia juu ya friji. Mume wangu Hemedi ana ng'ombe watatu wa maziwa. Miaka sita ya ndoa hatujapata mtoto, kwa hiyo mtaani hakuna anayetuita mama fulani wala baba fulani.

Mimi nilishapimwa kila kinachopimika, haikuonekana kasoro. Yeye hajawahi.

Shangazi yake, Bi Mwanaidi, kila nikimwamkia alinijibu, "Marahaba. Ng'ombe wote watatu wamezaa, wewe unangoja nini?"

Hatimaye Hemedi akakubali kupima. Ila kutolea sampuli ya mbegu zake kule maabara aliona haya. Akaitolea nyumbani, akanikabidhi kikopo. "Iwahishe, Msomi. Ndani ya saa moja."

Karatasi ya maelekezo alikuwa nayo yeye. Sikuiomba. Msomi mzima niombe karatasi?

Sasa ieleweni nyumba yetu. Maziwa yakifika kituoni bila ubaridi yanakataliwa. Na bwana mifugo anapokuja kupandikiza ng'ombe, mbegu za dume anazitoa kwenye mtungi wa baridi kali, na ng'ombe anashika mimba.

Nikaunganisha elimu zangu zote, nikakizika kikopo katikati ya vipande vya barafu ndani ya chupa ya chai, nikapanda bodaboda.

Dada wa dirishani akakishika. "Mama, mbona cha baridi hivi?"

"Upepo wa bodaboda."

Majibu yakatoka: idadi ya mbegu ni nzuri, ila zinazotembea hakuna. Hata moja.

Hemedi aliisoma ile karatasi amesimama zizini. Akaenda moja kwa moja kwa shangazi yake. "Usimseme tena mke wangu. Tatizo ni mimi." Tangu siku hiyo akaacha kwenda barazani kunywa kahawa, na Bi Mwanaidi akaanza kumwita "maskini".

Mfungo ulipokaribia Hemedi akaniambia, "Idi ikipita nakurudisha kwa wazee wako Muheza, na heshima zako zote. Bado unaweza kuzaa na mwingine."

Mtu mwenye akili angesema ukweli hapo hapo. Mimi nilimuuliza kama atakunywa chai.

Kesho yake nilikwenda maabara peke yangu, nikamweleza mtaalamu habari yote, na barafu yake. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama, zile za ng'ombe huchanganywa na dawa ya kuzilinda kabla ya kugandishwa. Za mumeo umezipiga baridi zikiwa uchi. Kikopo hiki hubebwa mwilini, kwenye joto lako. Na kipimo kimoja hakimhukumu mtu. Akae siku tatu bila tendo, kisha aje mwenyewe."

Nilimwambia Hemedi wakati anakamua, nikiwa upande wa pili wa ng'ombe, ili kuwe na kitu katikati yetu. Aliendelea kukamua mpaka ndoo ikajaa.

"Miezi minane," akasema. "Na kila siku unaniona."

Akabeba ndoo, akatoka. Afadhali angenitukana.

Alikwenda. Safari hii aliitolea hapo hapo maabara, haya zake akaziacha mlangoni. Ila kusubiri majibu alikataa, akasema ng'ombe hawajanyweshwa. Mtaalamu akaahidi kupiga simu.

Kabla ya hiyo simu, wakuu, niseme nilichojifunza. Wanaume, pimeni mapema, msimwachie mke azunguke peke yake. Someni karatasi ya maelekezo, hata wenye digrii, hasa wenye digrii. Majibu yakiwa mabaya, rudieni kabla hamjavunja nyumba. Mimba bado tunaitafuta, ila sasa tunaitafuta wote wawili. Na aliyewahi kufanya ujinga wa ukoo mmoja na wangu aushushe hapa chini, nipate wenzangu.

Simu iliita saa kumi jioni, wakati wa kukamua. Bi Mwanaidi alikuwa kwenye kigoda akingoja maziwa yake. Mikono ya Hemedi ilikuwa na mafuta ya kukamulia, nikampokelea na kuweka sauti kubwa.

"Bwana Hemedi, zinatembea."

"Ngapi?"

"Zaidi ya nusu, na zinakwenda mbele vizuri. Upande wako sina wasiwasi."

Hemedi akafuta mikono kwenye kanga yangu, akaichukua simu, akaisogeza hadi kwenye kigoda.

"Hebu rudia, bwana. Shangazi yangu hakusikia vizuri."

Mtaalamu akarudia, neno kwa neno. Hemedi akanigeukia.

"Muheza tunakwenda Idi pili, kusalimia. Jioni tunarudi wote, ng'ombe hawajikamui."