Kijiko Kimoja cha Dawa ya Maji

Kabla ya kuwasha pampu, mtu wa maji wa mji wetu mdogo wa ziwani huweka sikio kwenye bomba, asikie kama magugu yamelikaba. Klorini imempausha vidole. Huipima kwa kijiko kikubwa kilichopinda shingo, na asubuhi haonji kitu kabla ya kuonja maji tutakayokunywa sisi. Mwezi wa pili, Mama Sheryl mwenye hoteli alimfuata hadi kwenye tangi. "Bwana Maji, chai yangu inanuka hospitali! Unataka wateja wangu wahamie kwa Wangui?" Mtu wa maji alicheka, na tangu siku hiyo akapunguza kijiko kimoja. Tulifurahi sote, maji yalikuwa matamu. Mwezi wa tano mvua ilisomba vyoo hadi ziwani, kipindupindu kikaingia, na Sheryl, msichana wa miaka tisa, akafia njiani akipelekwa Kisumu.

Kwenye mazishi mtu wa maji alikaa nyuma, kofia magotini, midomo ikicheza kama ya mtu anayekariri maneno. Alikuwa ameanza kuinuka Mama Sheryl aliposimama. "Msitafute mchawi," alisema. "Ni mimi nilimwambia apunguze dawa. Ni mimi." Watu wakageuka kumtazama mtu wa maji. "Pole, Mama," alisema, kisha akavaa kofia na kwenda kuwasha pampu, maana waombolezaji walikuwa wengi na mapipa yalikuwa yamekauka.