Mgeni Aliyesema "Sisikii Mlio"

Nilishawahi kumpa mtu namba ya kuingia kwenye mtandao wetu siku moja baada ya yeye kuzikwa.

Sikujua. Naapa sikujua.

Ngoja niwaeleze, maana wengi humu mmezaliwa intaneti ikiwa tayari iko mfukoni.

Enzi hizo sisi wapenzi wa kompyuta tulikuwa na mtandao wetu wa kujitolea. Kila mmoja ana kompyuta nyumbani, ameiunga na laini ya simu kwa kikasha kiitwacho modemu. Kila siku saa saba mchana mashine zinapigiana simu zenyewe na kupokezana barua. Unaandika leo, mwenzako wa mbali anasoma kesho.

Hakuna mshahara. Raha tupu.

Ila kuingia, hapo ndipo palikuwa na kazi.

Mgeni anaandika kwa posta kuomba disketi na mwongozo. Anasoma, anaweka programu. Halafu ombi lake la namba lazima lipite kwenye mtandao wenyewe. Likifika, mashine yake inafanya kazi. Lisipofika, bado hajaiva.

Anayetoa namba alikuwa nani? Mimi.

Kazini nilikuwa fundi wa mashine za fotokopi, kila karani ananifokea. Mtandaoni nilikuwa Mwenye Funguo. Jina nilijipa mwenyewe. Kichwa kilikuwa kimenivimba, usiseme.

Siku moja ikaja barua ya mgeni, imepigwa chapa safi, haina kosa hata moja. Amejiita Mpigachapa. Muhuri wa posta ni wa mji wa kwetu, anwani ni ya chuo cha uchapaji. Nikafurahi: kumbe na kwetu kuna watu wa kompyuta!

Nikamtumia disketi siku hiyo hiyo.

Wiki mbili, kimya. Kisha barua nyingine: "Mwongozo unasema nisikilize mlio wa modemu ili nijue imeshika. Sisikii mlio. Nifanyeje?"

Nikamjibu: "Ongeza sauti. Soma ukurasa wa sita."

Akaandika tena: "Nimeusoma. Bado sisikii."

Mimi na jeuri yangu nikaandika mstari mmoja: "Asiyesikia mlio atafute mchezo mwingine."

Nikabandika stempu. Nikacheka peke yangu.

Wakati huo huo, uhusiano wangu na mama ulikuwa umepoa. Alikuwa anaishi peke yake kule kwetu. Nikimpigia simu, mambo ni yale yale.

"Shikamoo mama."

"Eeh?"

"Nasema shikamoo!"

"Haya mwanangu, wasalimie wote." Anakata.

Nikajiambia mama hana tena haja na mimi. Nikaacha kupiga. Barua zake nilizisoma na kuziweka kwenye droo, nitajibu kesho. Kesho haikufika.

Kilichofika ni simu kazini. Mama amegongwa na lori akivuka barabara. Amefariki hapo hapo.

Nilikwenda kuzika. Dereva wa lori alikuja msibani, mtu mzima, kofia mkononi.

"Nilipiga honi, kaka. Mara tatu. Hakugeuka."

"Mwongo!" nilimfokea mbele ya waombolezaji. "Umeua, na bado unadanganya!"

Akainama, akaondoka. Hakuna aliyenizuia.

Sikutaka kukaa na mtu. Kesho yake alfajiri nikapanda basi, nikarudi.

Nilipowasha kompyuta, kulikuwa na ombi jipya, limefika siku ile ile niliyoitwa msibani. Mpigachapa! Limepita kwenye mtandao, limekamilika, kila kitu mahali pake. Chini ameongeza: "Mlio bado sisikii. Nimejifunza kuangalia taa za modemu."

Msiba ulikuwa umenilainisha. Niliona haya. Nikampa namba, nikamwandikia: "Karibu sana. Samahani kwa ukali wangu. Umeniweza."

Saa saba mchana barua ikaenda.

Kesho yake nikapigiwa simu na mkuu wa chuo cha uchapaji, mama mmoja rafiki wa marehemu mama.

"Mwanangu, barua yako imetokea kwenye kioo cha kompyuta hapa. Unamkaribisha nani?"

"Mpigachapa, mama. Mgeni wetu."

Hapo akaniambia.

"Mpigachapa ni mama yako."

Nikakaa sakafuni na simu mkononi.

Akanieleza yote: mama alikuwa anakwenda pale chuoni kutumia kompyuta yao. Mama alikuwa katibu muhtasi miaka thelathini, vidole vyake vilikuwa bado vyepesi. Masikio ndiyo yalikuwa yamekufa, mwaka wa pili sasa. Alificha, asionekane mzigo. Kwenye simu alikuwa anabahatisha tu, akihofia nitagundua.

"Kwa nini asiniambie ni yeye?" nililia.

"Alisema ukijua utampitisha mlango wa nyuma. Alitaka namba yake kwa haki, kama wengine."

Kisha akasema neno ambalo halijanitoka hadi leo.

"Na tena, alisema barua za mama yako unaziacha bila majibu. Za wageni unajibu siku hiyo hiyo."

Kwenye ile mashine alikuwa ameacha barua tayari, inasubiri namba tu. Mkuu akanisomea kwenye simu.

"Mwanangu, ni mimi. Usishtuke. Sasa tutaongea bila mimi kukusumbua kurudia rudia. Andika polepole, nafasi ninayo siku nzima. Umekula?"

Basi.

Wiki iliyofuata nilimtafuta yule dereva. Nilimkuta ameketi kando ya lori, ameacha kuendesha. Nikapiga magoti. "Ulipiga honi, kaka. Ulisema kweli. Mama yangu alikuwa hasikii."

Alilia kuliko mimi.

Ndugu zangu, sheria ni nzuri, na mlango lazima uwe na mwenyewe. Lakini anayekuja mara ya pili na swali lile lile si mjinga. Muulize ana nini. Mimi neno moja tu la upole, "kwa nini husikii?", lingenipa mama yangu wiki sita za maongezi. Nikamtumia ukurasa wa sita.