Riwaya ya kijiji kinachosahau ilivyotuangusha Mshangano, mahindi ya shangazi yakiwa nusu

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya nayaleta kama yalivyotokea, chumvi sijaongeza.

Enzi za ruksa nilikuwa form two hapa Songea, nakaa kwa shangazi Mshangano. Kwetu hasa ni Namasakata, Tunduru.

Miaka ile wanunuzi binafsi ndio walikuwa wameanza kufuata mahindi na malori yao. Lori likipita hujajiandaa, imekula kwako.

Shangazi akaambiwa lori linakuja Jumamosi. Mahindi yake yamejaa ghalani, hajapukuchua hata moja, na ada yangu ilikuwa humo humo. Nikiikosa, narudi Namasakata kupalilia mikorosho.

Kupukuchua kwetu ni kazi ya kusaidiana. Majirani wanakuja mchana, mwenye nyumba anatoa togwa. Shida ni kwamba wiki ile kila mtu alikuwa na mahindi yake.

Hapo ndipo ikaingia riwaya.

Shule imefungwa, rafiki yangu kaniazima kitabu cha vijana, kava limeng'oka, jina silijui mpaka leo. Lakini wazo lake, wakuu, lilikuwa moto. Kijiji kizima kila alfajiri kinaamka kimesahau ya jana. Anayekumbuka ni binti mmoja tu. Anajua nani kaiba mbuzi wa nani, nani kaahidi kumuoa nani, wenyewe hawana habari.

Jumatatu nikawasimulia akina mama wawili waliokuja. Jumanne wakaja na ndugu zao.

Ikawa asubuhi nasoma, mchana nasimulia, mikono inapukuchua. Shangazi akanipumzisha hata kuchota maji. Nikawa mtu mkubwa.

Na mimi kwa mdomo wangu nikawa naupigia debe mwisho ambao sijausoma.

Alhamisi asubuhi nikaufikia. Nikarudia kusoma, nikidhani kuna kurasa zimechomoka.

Binti anamleta afisa kutoka mjini. Afisa anahutubia weee, faida za kuchemsha maji. Kijiji kinapiga makofi. Halafu binti anaamka, kumbe ilikuwa ndoto. Kusahau kulitoka wapi, mwandishi hana muda na wewe.

Niliumia, siwafichi. Nikamwambia shangazi nitunge mwisho wangu. Akakataa.

"Waambie ulichokikuta, mwanangu. Wakijua umewadanganya, hata mwakani hawaji."

Mchana nikawaambia. Mikono ikasimama.

Mama Osmundi, jirani yetu asiyekosa neno, akaniangalia. "Yaani nimeacha mahindi yangu yaliwe na dumuzi, nije kusikiliza maji ya kuchemsha?"

Akainuka, akakung'uta kitenge. Wenzake nao wakaanza kujikusanya. Mahindi yalikuwa yamebaki nusu, na mimi nikaiona mikorosho hiyooo.

Shangazi akauliza taratibu, "Sasa wewe ungemalizaje, dada?"

Mama Osmundi akakaa tena. "Mimi? Binti anyamaze. Awaache wasahau, wapumzike."

"Na mbuzi wa watu?" akadakia mwenzake.

"Mbuzi arudishwe kimyakimya."

"Na aliyeahidiwa ndoa je?"

Ubishi ukawaka. Huyu anataka binti aolewe, yule anataka akamatwe kwa umbeya. Mikono ikarudi kwenye mahindi bila mtu kuambiwa. Mwandishi angekuwepo angejifunza kazi.

Ijumaa wakarudi wote, maana ubishi haukuwa umeisha.

Mama Osmundi siku hiyo hakuwa na utani. Masika yaliyopita alikuwa amemzika Osmundi, mtoto wake wa pekee, na tangu hapo hakuwahi kumtaja mbele yetu.

Akasema, mikono ikiwa kazini, "Nimebadilisha. Yule binti aje kwangu kila asubuhi. Aniambie nilikuwa na mtoto, anaitwa Osmundi. Nitalia upya, najua. Lakini aje."

Shangazi akamsogezea togwa, tukaendelea mpaka ghala likabaki tupu. Jumamosi lori lilibeba mahindi, na shule ilipofunguliwa nilikuwa darasani.

Nilichojifunza ni kwamba wazo zuri likimshinda mwandishi, usilitupe pamoja na kitabu. Wape watu walimalizie.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Binti yule akigonga kwako kesho asubuhi, ungetaka akukumbushe nani?