Leso ya Mama Yangu Iko Kabatini, Kando ya Tuzo za Rafiki Yangu

Admin, naomba ufiche jina langu, maana kijiji chetu ni kidogo na midomo ni mikubwa. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mkulima wa maparachichi huku milima ya Mbooni, Makueni. Nina mume mmoja, mbuzi kadhaa, na magoti yanayotabiri mvua vizuri kuliko redio. Sijazoea kulia mbele ya watu, ndiyo sababu nawaandikia ninyi nisiowaona.

Nilizaliwa Nuu, upande wa Mwingi, na mama yangu aliolewa na mwanamke. Msishtuke. Wakamba wenzangu wanajua: bibi mmoja alikosa watoto, akatoa mahari ya mbuzi, akamleta mama yangu bomani ili azae watoto wa jina la boma lile. Mke kama huyo tunamwita iweto. Siku ya kumpokea, bibi alimfunga mama leso mpya nyekundu. Mama aliipenda leso hiyo kuliko kitu chochote, na mimi najihesabu hapo. Lakini kanisani alikalia benchi la nyuma miaka yote, na wanawake walipomuuliza kwa kejeli, "Na bwana yako ni nani?" alijibu bila kuinua macho, "Bwana yangu ni yule mama anayepepeta ndengu."

Miaka ya themanini nilisoma sekondari ya bweni Kitui. Rafiki yangu mkubwa huko nitamwita Kamene. Mama yake wa kambo hakumtaka kwao, kwa hivyo likizo tulienda naye Nuu. Mama yangu alimpa kitanda chake, yeye akalala chini. Alimchinjia kuku ambaye mimi binti yake nilikuwa nimeahidiwa tangu Krismasi. Halafu, wakiwa jikoni, akamsimulia maisha yake yote, hata mambo ambayo mimi sikuwahi kuuliza.

Shule ilipotafuta mchezo wa mashindano ya maigizo, Kamene akapendekeza kisa cha iweto. Akaja kuomba ile leso.

"Nitairudisha, mami."

"Chukua," mama akamwambia. "Wacha watu wanione hata kupitia kwako. Ila usisahau kuwaambia ni mimi."

Kamene aliigiza mke. Mimi niliigiza mbuzi wa mahari, na mwalimu alisema mbuzi wa kweli angejitahidi zaidi. Kamene alipofika kwa lile jibu la ndengu, ukumbi ulicheka, halafu ukanyamaza, halafu walimu wakaanza kupangusa macho. Akatangazwa mwigizaji bora wa kike. Nilimpigia makofi nikiwa bado na pembe kichwani. Jina la mama hakulitaja, nikasema ni furaha imemzidi.

Mchezo huo ndio uliomfungulia njia. Alipanda majukwaa ya Nairobi, na miaka ya tisini akaingia kwenye televisheni, akiwa bado yule mke wa leso nyekundu, na tuzo zikafuatana. Mama akisikia amepata nyingine, alifurahi kama amepewa yeye. Siku moja mimi na mama tulikuwa karibu na redio, Kamene akihojiwa. Mtangazaji akamuuliza yule mke alimtoa wapi. Kamene akacheka. "Nilimtunga kichwani. Mama kama huyo hayuko mahali popote."

Mama alikuwa akichambua ndengu. Akaendelea kuchambua. Baadaye akasema tu, "Labda amesahau. Watu wa kazi nyingi husahau."

Sasa wamepanga kumpa Kamene heshima kubwa huko nyumbani, Kitui, kwa kazi yake ya tangu zamani. Kwa kuwa tulisoma naye, kamati ya sherehe imenichagua mimi, mbuzi mstaafu, nimkabidhi tuzo. Mama amepita miaka themanini na ameshonewa gauni. Ana hakika safari hii atatajwa. Juzi aliniuliza, "Wakisema nisimame, nisimame na fimbo ama niiache kwa kiti?"

Nikamwambia asimame nayo. Kesho yake Kamene akanipigia simu.

"Dada, njoo wewe peke yako. Mama mwambie jua ni kali."

"Jua la Kitui? Si amezaliwa ndani yake?"

"Usinichekeshe. Waandishi wataanza maswali, na mimi nimesema miaka yote nilitunga mwenyewe. Unataka nionekane mwongo uzeeni?"

"Na leso?"

"Iko salama, iko kwa kabati ya kioo pamoja na tuzo zangu. Watu wanajua niliinunua sokoni."

Nilitaka kumwambia maneno makali. Lakini nilirudi kuwa mbuzi, sauti ikatoka bila maneno.

Nikisema ukweli kwa maikrofoni, nitaharibu siku ya mtu tuliyekula naye sahani moja, na huenda mama mwenyewe akaona aibu mbele ya umati. Nikinyamaza, atakaa pale mbele akingoja jina lake mpaka viti vianze kukusanywa. Na nikimwacha nyumbani kwa hadithi ya jua, basi mimi pia nitakuwa nimesema mama kama huyo hayuko.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, mngekuwa mimi mngefanyaje? Msikawie kunijibu. Gauni limetundikwa ukutani, na fimbo ameshaipaka mafuta.