Nilipona, Nikaendelea Kujifunika Blanketi

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Aliyekuwa akinitetea nilishamchosha.

Mimi ni mwanaume mzima, mkulima, nipo huku Rungwe Mpya, wilaya ya Kasulu. Jina silitaji. Mke wangu nitamwita Mama Neema, na hilo nalo si jina la mtoto wetu, nimelipachika tu ili majirani wasinyooshee vidole mlango wangu. Ingawa wakisoma watajua! Huku kote wananijua kwa jambo hili hili.

Ukisikia kichefuchefu, tupo wawili. Mimi mwenyewe nikijikumbuka natema mate.

Ilianza kwa ugonjwa wa kweli. Hilo naomba ulishike. Kiangazi kilikuwa kinaisha, watu wanatayarisha mashamba, nikapigwa na homa, mafua, viungo vyote vinauma, kikohozi cha kupasua kifua. Kituo cha afya wakanipima, malaria hakuna. Daktari, kijana wa Moshi aliyepangiwa kazi huku kwetu, akasema ni virusi. Ninywe maji, nipumzike, vitaondoka vyenyewe.

Vikaondoka kweli. Homa ikakata, kikohozi kikakata. Nguvu ndizo hazikurudi.

Jamani, uchovu ule! Nikienda chooni, narudi nimekaa chini njiani. Nikishika kikombe, mkono unatetemeka. Nalala mchana kutwa, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Na moyo nao ukaingia giza. Sikuwa na msiba, sikuwa na ugomvi na mtu, lakini nikisikia watoto wanacheka uani, machozi yananitoka. Mimi! Nalia kwa sababu watoto wanacheka!

Mama yangu mzazi, ambaye tunakaa naye uwanja mmoja, akaanza maneno. "Homa si imeisha? Sasa huyu amelalia nini? Baba yake alikuwa anaugua asubuhi, jioni yuko shambani."

Aliyesimama na mimi ni mke wangu. Alinirudisha kwa daktari, na daktari akaeleza kwamba hali hiyo hutokea, mwili na moyo vinaweza kuchelewa kurudi baada ya virusi, wala si uvivu. Nisijilazimishe kazi nzito. Nitembee kidogo, niongeze taratibu, nisiachwe peke yangu na mawazo, na hali ikizidi turudi haraka. Mama Neema aliyashika maneno yale yote, akaenda kumwambia mama yangu moja baada ya jingine. Akamalizia, "Mama, mume wangu si mvivu. Anaumwa."

Akaniwekea kiti cha kamba barazani, na blanketi, ili jua la asubuhi linipate. Kabla ya kwenda shamba ananishika mkono, tunatembea mpaka kwenye migomba na kurudi. Akirudi jioni amechoka hoi, bado ananisimulia visa vya watu ili nicheke. Ndivyo alivyonivusha. Siku baada ya siku nikaanza kupata nafuu.

Sasa sikia uchafu wangu.

Mvua za kwanza zilishaanza na watu walikuwa wanapanda maharage. Asubuhi moja mke wangu ameshaondoka, mbuzi wetu mweusi akakata kamba, akapandisha kilima kuelekea shamba la watu. Nikatupa blanketi nikamkimbiza. Nilikimbia, msomaji! Nikamkamata juu kabisa, nikamshika pembe, nikamburuta mpaka nyumbani nikamfunga. Nimesimama pale ndipo nikashtuka kwamba sihemi. Miguu imara. Moyoni kweupe. Nilikuwa nacheka peke yangu, mimi na mbuzi.

Nikaangalia huku, nikaangalia huku. Hakuna aliyeniona.

Nikarudi kwenye kiti changu, nikajifunika blanketi.

Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa tamu, basi! Kuletewa uji. Kupewa pole. Kuangalia mvua ikinyesha ukijua jembe si lako. Nilijiambia acha nipumzike leo, kesho nitasema. Kesho yake nikajiambia nitasema Jumapili baada ya ibada. Jumapili nikaenda kanisani nimeegemea bega la mke wangu!

Siku ile ya mbuzi Mama Neema aliporudi aliona fundo jipya kwenye kamba. Akauliza nani kamfunga. Nikamtaja jirani yetu, Zabroni. Basi yule mwanamke, na uchovu wake wote, akachukua sahani ya ndizi mbivu akampelekea Zabroni kumshukuru. Zabroni hakuelewa anashukuriwa nini, lakini ndizi alizila. Kuanzia hapo akawa ananitazama kwa jicho la pembeni.

Ikaja palizi. Mke wangu yumo kwenye kikundi cha wanawake wanaolimiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na usipoonekana kwa wenzio nao kwako hawaonekani. Wanawake wale walituonea huruma, wakaja kupalilia maharage yetu nje ya zamu, eti mwenye nyumba mgonjwa. Wakapita mbele ya baraza na majembe mabegani, mmoja ana mtoto mgongoni, wakanisalimu kwa lugha yetu ya huku.

"Mwakeye! Pole, mgonjwa."

Nikawaitikia kwa kisauti chembamba, nimevaa sweta juani. Loh! Kisauti kile! Nikikikumbuka natamani nijizabe makofi. Watu wazima wamekuja kuniinamia shambani kwangu, na mimi nimejikunja kwenye kiti natafuna mahindi ya kuchoma.

Mke wangu alikonda mbele ya macho yangu. Viganja vikapasuka. Nami nikamwambia, "Pole mama, ningekuwa na nguvu ningekusaidia." Maneno hayo nimeyatamka kwa mdomo huu.

Mwisho wa mvua nikaaga naenda Kasulu mjini, hospitali. Hospitali gani! Kulikuwa na bonanza la mpira la wazee uwanjani, na mimi zamani nilikuwa winga. Nikavaa jezi, nikacheza kipindi chote cha pili, nikafunga goli. Nageuka kushangilia, namwona Zabroni pembeni ya uwanja na ndoo yake ya maparachichi. Mdomo wazi.

Habari zilifika kijijini kabla yangu. Bombani wanawake wakamcheka mke wangu. Na unajua yeye alifanya nini? Alitua ndoo akawajibu, "Daktari alimwambia aujaribu mwili wake. Nyie ndio mnampima? Mnajua anavyolala?" Aligombana na wenzake wa kikundi kwa ajili yangu. Walinyamaza, lakini hawakuwa naye tena kama zamani.

Nami nikaanza "kupona". Kila wiki kidogo, kwa hesabu, ili isionekane ghafla. Khaa! Hata kupona niliigiza.

Kiangazi kilichofuata homa ikampiga yeye. Ile ile, mafua, kikohozi, viungo. Malaria hakuna, virusi. Homa ikaisha, na Mama Neema akabaki pale pale nilipobaki mimi mwanzoni. Anachota maji, anakaa chini njiani. Anaanza kusonga ugali, anaacha mwiko sufuriani, anatazama ukuta. Mtoto analia, yeye anamwangalia tu. Alikuwa mtu wa kuimba akitwanga, akanyamaza kabisa.

Nikamkalisha kwenye kiti cha barazani. Mama yangu akatoka ndani, akatazama, akacheka. "Haya! Kiti kimepata mwenyewe mpya. Amejifunza kwa mumewe."

Zamu zake za kikundi zikampita. Wenzake wakasema wamejifunza, safari hii hawadanganyiki. Nikatoka kuwaeleza. "Ugonjwa huu upo, mimi naujua." Wakaangua kicheko. Mmoja akaniuliza kama mke wangu naye ni winga.

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Mtu pekee huku anayeujua uchovu ule ni mimi, na neno langu halinunui hata chumvi.

Lakini bado sijafika kwenye baya zaidi.

Mchana mmoja tulikuwa jikoni, mimi namenya mihogo, yeye amekaa kwenye kigoda, kichwa ukutani. Akasema taratibu, "Baba Neema, wewe ilikuchukua mvua zote. Kupanda, palizi, kuvuna, bado unaumwa. Mimi mvua zote sitaweza. Bora ile homa ingeondoka na mimi kabisa."

Mikono ikaniganda. Kumbe alikuwa anajipimia kwa uongo wangu! Alikuwa anatazama mbele anaona msimu mzima wa giza, kwa sababu mimi nilimwonyesha msimu mzima. Neno moja tu la kweli lilitosha kumpa matumaini, na neno hilo ndilo lingenivua nguo.

Nikaendelea kumenya mihogo.

Umesikia? Mke wangu ananiambia hataki kuishi, na mimi namenya mihogo nalinda heshima yangu. Heshima gani! Nilikaa na neno lile tumboni siku kadhaa, namwona anazama. Nilimpeleka kwa daktari, hilo nilifanya, nikamweleza daktari kila kitu alichosema mke wangu. Daktari alikaa naye muda mrefu peke yao. Alipotoka aliniambia nisimwache peke yake hata kidogo, turudi kila wiki, na akauliza, "Na wewe si uliugua hivi hivi? Mwambie ulivyopona. Atakusikia wewe kuliko mimi."

Njiani kurudi tulipumzika chini ya mparachichi, miguu imemwishia. Nikamwambia pale.

"Unamkumbuka mbuzi alipokata kamba?"

"Zabroni akamrudisha."

"Ni mimi nilimrudisha. Nilimkimbiza mpaka juu ya kilima. Siku hiyo nilikuwa nimeshapona."

Akauliza, "Maharage yalikuwa yameshaota?"

"Bado. Tulikuwa tunapanda."

"Tulikuwa?"

"Mlikuwa," nikasema.

Akalia pale barabarani. Mara ya kwanza kulia tangu augue, maana hata machozi yalikuwa yamekauka. Nadhani alikuwa analia kwa kujua giza lina mwisho wa karibu, na papo hapo analia kwa kunijua mimi. Alipomaliza akajifuta kwa kanga. "Kwa hiyo haikuchukua mvua zote."

"Haikuchukua."

"Basi kawaambie wenzangu. Halafu nipeleke kwetu Kibondo. Kwa mama yangu wataniamini."

Nilikwenda. Niliwakuta shambani wameinama, nikasimama kwenye tuta nikasema yote, mbuzi, ndizi za Zabroni, kisauti changu, sweta. Majembe yakasimama. Yule aliyekuja kwangu na mtoto mgongoni akatema mate karibu na mguu wangu, kisha akauliza, "Kwa hiyo ugonjwa wenyewe upo kweli?"

"Upo. Mwanzoni niliumwa kweli. Uongo niliuongeza mimi."

Waliacha kazi siku ile ile, wakaenda kumwona. Waliomba radhi kwake, si kwangu. Mama yangu naye alikwenda, akapiga magoti mbele ya mkwewe. Na siku ya safari ni wanawake wale waliomsindikiza mpaka kwenye basi la Kibondo pale Kasulu, wakambebea mtoto na mzigo. Mimi nilitembea nyuma.

Zamu zake za kikundi nazilima mimi. Naingia kwenye mstari na wanawake, wanaume wenzangu wananizomea barabarani. Wazomee. Kile kiti kipo bado barazani, kuku wanakilalia.

Juzi akapiga simu. Sauti ilikuwa yake, ile ya zamani.

"Leo nimeamka mwili mwepesi. Nimetwanga, sijachoka. Nakwambia leo leo, sijasubiri kesho."

Nikafurahi mpaka nikasahau nafasi yangu. Nikamuuliza anarudi lini.

"Nimekwambia nimepona," akasema. "Kurudi sijakwambia."

Akakata simu.

Ndugu yangu unayenisoma, ukiugua ukabaki mchovu na moyo mzito, usione aibu, sema, nenda kwa daktari, ni ugonjwa. Na wewe mwenye mgonjwa nyumbani, usimpime kwa uongo wangu, mwamini. Lakini siku ukipona, toa blanketi, tangaza siku hiyo hiyo. Mimi nilisema kesho.